Kinanda Kimeunganishwa lakini Hakitii: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Unapoanza Kutengeneza Muziki kwa Kompyuta Nyumbani

Mwalimu wa kwaya au kijana wa hapa Dodoma anayeanza kutengeneza muziki nyumbani kwake kwa kawaida huwa na vitu vitatu: laptopu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kinanda chenye tundu la USB, na programu ya kurekodia. Huunganisha waya, hubonyeza, na ama hasikii kitu, ama husikia kitu ambacho sicho alichokipiga. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa maana huenda mjini kununua waya mwingine, kisha kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti ya kompyuta), kisha laptopu yenye nguvu zaidi, kabla ya kujua sauti imekatikia wapi. Nimekaa na watu wengi mbele ya mashine zao, Kisasa, Nkuhungu na hata Chamwino, na ninashikilia jambo moja: usinunue chochote mpaka uwe umeifuata njia ya nota kituo kwa kituo, kuanzia kidole hadi sikio, ukabaini ni kituo gani ilipokwama.

Kwanza tuelewane kuhusu njia yenyewe. Katika maelezo haya kinanda ni chombo cha muziki, na kibodi ni ile ya kuandikia. Unapobonyeza kinanda kilichounganishwa na kompyuta kwa USB, mara nyingi hakuna sauti inayopita ndani ya waya. Kinachopita ni taarifa za MIDI, mfumo ambao watengenezaji wa vinanda waliukubali kwa pamoja mwaka 1983, nazo husema nota gani imebonyezwa, imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini. Nota zimepewa namba kuanzia 0 hadi 127, na C ya katikati ni namba 60. Taarifa hizo ni mfano wa mkono wa mwalimu wa kwaya, ambao huonyesha lakini hauimbi. Waimbaji wako ndani ya kompyuta: programu huzipokea taarifa, huzipeleka kwenye traki, yaani mstari wa kurekodia chombo kimoja, traki huzipeleka kwenye ala iliyowekwa humo, yaani chombo cha muziki kilichotengenezwa kwa programu, ala hutengeneza sauti, na sauti hutoka kupitia kadi ya sauti hadi kwenye spika au visikizi. Mtu asiyeielewa tofauti hii atapandisha sauti ya kinanda hadi mwisho na bado spika za kompyuta zitakaa kimya, kwa sababu kitufe kile cha sauti hakiamrishi chochote upande wa pili.

Kimya kabisa

Usianze mwanzoni mwa njia, anzia katikati. Fungua programu, weka traki moja, bonyeza kinanda na uangalie skrini. Programu karibu zote zina taa ndogo au mstari unaoruka kila taarifa ya MIDI inapoingia. Ukiruka, kinanda, waya na draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) vyote ni vizima, na hitilafu iko mbele yake. Usiporuka, hitilafu iko nyuma yake. Kwa kitendo hicho kimoja cha sekunde tano umeondoa nusu ya mashaka.

Ikiwa hauruki, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi za USB zilizomo majumbani ni za kuchajia simu tu, hazina nyuzi za kupitisha data, na kwa macho hazitofautiani na nyingine. Vinanda vikubwa hutumia tundu la mraba, sawa na la printa, kwa hiyo waya wa printa ya ofisini au ya stesheneri ya jirani unatosha kwa kujaribia. Angalia pia umechomeka tundu gani. Baadhi ya vinanda vina matundu mawili: moja limeandikwa TO HOST, ambalo ndilo la kompyuta, na jingine TO DEVICE, ambalo ni la fleshi. Kisha funga programu nyingine zote za muziki, kwa kuwa kwenye Windows, hasa kwa draiva za zamani, programu moja ikikishika kinanda nyingine haiwezi kukiona. Mwisho ingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya MIDI, uhakikishe jina la kinanda limewekewa alama ya kuruhusiwa. Washa kinanda kwanza ndipo ufungue programu, kwa sababu zipo programu zinazotafuta vinanda mara moja tu, wakati zinafunguka.

Kinanda cha zamani kisicho na USB, kile chenye matundu ya duara ya pini tano, huhitaji waya wa kugeuzia. Vichwa vya waya huo vimeandikwa IN na OUT, na maandishi hayo huwachanganya watu, kwa kuwa watengenezaji wengine huandika kazi ya kichwa na wengine huandika tundu kinapochomekwa. Kukiwa kimya, badilishana vichwa hivyo. Hakuna kitakachoungua.

Ikiwa mstari unaruka na bado ni kimya, chunguza mambo matatu kwa mpangilio huu: je, traki ina ala ndani yake, je, traki imewashwa kwa ajili ya kusikilizwa, na je, programu inatoa sauti kupitia kifaa unachokisikiliza? Hilo la tatu husahaulika sana. Laptopu iliyowahi kuunganishwa na televisheni au spika ya bluetooth huweza kuendelea kupeleka sauti huko huku wewe umevaa visikizi vyenye waya.

Sauti inachelewa baada ya kubonyeza

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalowakatisha tamaa wapigaji wazuri, kwa sababu mtu mwenye mkono mwepesi hujiona ghafla hawezi kushika mapigo. Kosa si la mkono wake.

Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Hukusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, kwenye bafa, mfano wa ndoo, na bafa ikijaa ndipo huimimina. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huchukua takriban milisekunde 3 kujaa, ya 256 takriban 6, ya 512 takriban 12, na ya 1,024 takriban 23. Kwa kuwa sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, umbali ambao mpiga kinanda wa kanisani ameuzoea bila kunung'unika. Milisekunde 23 ni sawa na mita nane, na hapo kidole huanza kulalamika. Kumbuka kwamba bafa si ucheleweshaji wote, maana draiva na kinanda navyo huongeza vyao.

Kwenye Windows, chanzo kikubwa kwa kawaida ni draiva ya kawaida ya sauti, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kutazama filamu na kusikiliza nyimbo, wala haikutengenezwa kwa ajili ya kupiga ala. Tiba yake ni draiva ya aina ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Ukiwa na kadi ya sauti ya nje, tumia ASIO iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi hiyo. Usipokuwa nayo, ASIO4ALL hupatikana bure na huifanya kadi ya ndani ya laptopu ifanye kazi kwa bafa ndogo zaidi. Ichague ndani ya mipangilio ya sauti ya programu, weka bafa ya 256, upige. Ikikubali, shuka hadi 128. Mwenye kompyuta ya Mac hahitaji hatua hii ya draiva, apunguze bafa tu.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, ondoa spika ya bluetooth. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna draiva wala bafa itakayourudisha muda huo. Visikizi vya bei ndogo vyenye waya vitakupa matokeo bora kuliko spika kubwa isiyo na waya.

Sauti inakwaruza na kukatikakatika

Hii ni ndugu ya ile iliyotangulia, kwa upande wa pili. Ndoo imekuwa ndogo mno kiasi kwamba kompyuta haiwahi kuijaza kabla haijamiminwa, na kila inapochelewa husikika mkwaruzo. Pandisha bafa hatua moja. Ninashauri utumie bafa ndogo wakati wa kupiga na kurekodi, na bafa kubwa ya 1,024 wakati wa kuchanganya sauti, ambapo ucheleweshaji haudhuru.

Ukiona mikwaruzo haianzi mapema bali hutokea baada ya nusu saa ya kazi, shuku joto. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapa kwetu, kuanzia Septemba hadi mvua zinapofika, joto na vumbi huja pamoja. Weka kiganja kwenye tundu la feni: hewa ikitoka kwa udhaifu huku laptopu ikiwa ya moto, feni imezibwa. Mpelekee fundi aifungue na kuisafisha. Usiiweke laptopu juu ya kitanda au zulia, iweke juu ya meza, ukiinyanyua nyuma kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini.

Laptopu ikiwa haipo kwenye chaja, mpangilio wa kuhifadhi umeme nao hupunguza kasi, kwa hiyo uubadilishe uwe wa utendaji wa juu. Zima Wi-Fi unaporekodi. Kwa mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ala kubwa za piano zenye maelfu ya sauti zilizorekodiwa ni mzigo usiobebeka, na ala nyepesi iliyochaguliwa vizuri itakufikisha mbali zaidi. Traki uliyokwisha kuridhika nayo igeuze kuwa sauti ya kawaida, kisha uizime ala yake.

Kuna mvumo chini ya kila kitu

Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo mzito unaosikika kwenye spika mara nyingi huwa ni mizunguko hiyo hiyo au maradufu yake. Kwa kuwa MIDI haibebi sauti, mvumo hautoki kwenye taarifa za nota. Huingia pale nyaya za sauti na nyaya za umeme zinapokutana.

Jaribio ni rahisi: chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mvumo ukitoweka, chanzo ni chaja au ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Chomeka laptopu, spika na kinanda kwenye ekstensheni moja badala ya soketi tatu tofauti, kwa maana vifaa vilivyounganishwa kwa nyaya za sauti huku vikipata ethi kutoka sehemu mbalimbali hutengeneza kitanzi kinachopitisha mvumo. Ukigusa chuma cha laptopu ukahisi mwasho mdogo kama wa sisimizi, au mvumo ukapungua unapokigusa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ethi haikufiki kabisa. Kwanza ondoa kile kigeuzi cha plagi cha pini mbili ambacho huiacha pini ya tatu bila kazi. Tatizo likibaki, mwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu, na ardhi yetu hukaa miezi mingi bila tone la mvua, kwa hiyo nondo ya ethi iliyochimbiwa juujuu haiaminiki. Nasisitiza hili kwa moyo wote kwa sababu halihusu usafi wa rekodi peke yake: usikate pini ya ethi ili kuondoa mvumo, kwani pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe na watoto walio karibu na vyombo hivyo.

Baadhi ya nota hazitoki, au hutoka kwa kishindo

Chini ya kila kibonyezo cha kinanda chenye kuhisi nguvu ya kidole kuna migusano miwili. Wa kwanza hugusana kidole kinapoanza kushuka, wa pili kinapofika chini, na kinanda hupima muda uliopita kati yao: muda mfupi humaanisha nguvu, muda mrefu humaanisha ulaini. Chembe ya vumbi ikikaa kwenye mmoja wapo, kipimo huharibika. Nota hukaa kimya, au hulia kwa nguvu zote hata ukiigusa kwa upole.

Nilifungua kinanda kilichokaa miaka kadhaa chumba cha mbele cha nyumba moja iliyo kando ya barabara ya vumbi. Utepe wa mpira uliokuwa chini ya vibonyezo ulikuwa mweusi ulipotengenezwa. Nilipouinua, ulikuwa na mstari wa wekundu wa udongo wetu ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, ukipita juu ya vidoti vya kaboni kimoja baada ya kingine. Tuliufuta kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, bila kusugua kwa nguvu ili kaboni isitoke, tukaacha ukauke, tukaurudisha. Nota kumi na moja zilirudi siku hiyo, na mwenye kinanda alikuwa tayari amekwisha kuulizia bei ya kingine. Funika kinanda kwa kitenge kila unapomaliza kazi, na uchomoe umeme kabla ya kukifungua.

Nota ikining'inia na kuendelea kulia baada ya kuachiwa, kwa kawaida ujumbe wa kuiachia umepotea njiani, na kitufe cha kunyamazisha nota zote kilichomo kwenye programu hutatua. Ikiwa ni nota zote zinazoning'inia, angalia pedali. Vinanda vingi huisoma pedali vinapowashwa, kwa hiyo ukiikanyaga wakati huo, au ukiichomeka baadaye, kinanda hukielewa kinyume kila unachokifanya. Zima, chomeka, ondoa mguu, washa. Ukisikia kila nota mara mbili, moja ya kinanda na moja ya kompyuta, zima mpangilio wa kinanda unaoitwa LOCAL.

Wimbo uko ufunguo usio wake

Mama mmoja, mwalimu wa kwaya huko Kikuyu, hapa hapa Dodoma, alinipigia simu jioni. Baada ya kumwamkia alisema, "Mwanangu, hii kompyuta inanipandishia nyimbo." Alikuwa amerekodi kinanda cha wimbo mzima katika C, akamwita mpiga gitaa, na vyombo viwili vikakataa kukaa pamoja. Nilipofika nilimwomba abonyeze C ya katikati. Skrini ikaonyesha 62.

"Mwalimu, Jumapili mliimba ufunguo gani?"

"D. Nilipandisha kwa kitufe, soprano walikuwa chini."

Kitufe ni TRANSPOSE, na kinanda chake kilikuwa kimekumbuka mpangilio huo hata baada ya kuzimwa, kikiendelea kutuma kila nota ikiwa imepandishwa kwa nusu-toni mbili. Hakukuwa na haja ya kurekodi upya. Nota za MIDI zikichaguliwa zote hushushwa kwa nusu-toni mbili mara moja. Vinanda vidogo vya vibonyezo 25 vina mtego wa namna hiyo kwenye kitufe cha oktava. Kwa hiyo kabla ya kurekodi bonyeza C ya katikati na usome namba: isipokuwa 60, acha.

Iko aina nyingine ya kupanda ambayo si ya nusu-toni kamili. Sauti ya waimbaji uliyoirekodi hucheza haraka kidogo, na ni nyembamba, imepanda karibu nusu-toni moja na nusu. Hapo ilirekodiwa kwa sampuli 44,100 na inachezwa kwa 48,000. Linganisha kasi ya sampuli ya programu, ya kadi ya sauti na ya Windows, zote ziwe sawa.

Kazi iliyohifadhiwa haifunguki

Baadhi ya programu za majaribio hukuruhusu kuhifadhi lakini hazifungui tena kazi hiyo mpaka ununue leseni. Soma masharti kabla hujamimina mwezi mzima wa kazi humo. Nakala zilizovunjwa zinazopitishwa kwenye fleshi hubeba virusi, na nimeona kazi za kwaya nzima zikipotea kwa njia hiyo. LMMS ni ya bure kabisa, na Reaper hutoa siku 60 za kujaribu ikiwa na uwezo wake wote. Washa uhifadhi wa kila baada ya dakika tano, kwa ajili ya siku umeme unapokatika na betri ya laptopu imechoka.

Kinanda hakikubaliani na marimba

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu halimo kwenye miongozo mingi, nalo hutukuta sisi tunaoishi Ugogoni. Umerekodi ilimba, yaani marimba ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, au zeze ya mzee wa kijijini, ukaweka kinanda juu yake, na nota mbili zinauma sikio ingawa nyingine zinakubali. Wengi huhitimisha kwamba marimba imelegea, wengine huilazimisha kwa programu ya kurekebisha sauti. Tafadhali usifanye hivyo. Marimba iko sawa.

Muziki wa Kigogo, ambao Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha mbali na nyumbani kwake, hujengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi au chuma kinachotetemeka, mara 6, 7, 8, 9 na 10 ya mtetemo wa msingi. Kinanda kimegawa oktava katika nusu-toni 12 zilizo sawa. Tukichukua nusu-toni moja kuwa senti 100, ile sauti ya 7, ambayo wanakwaya wangeiandika ta, iko senti 31 chini ya ile ya kinanda, na ya 10, yaani mi, iko senti 14 chini. Nyingine hazitofautiani kwa zaidi ya senti nne, ndiyo maana hazisumbui.

Kinachopaswa kurekebishwa ni kinanda. Tafuta kwanza msingi wa marimba yenyewe, uhamishe kinanda chote kiufuate. Ala yako ikiwa na uwezo wa kupangiwa kila nota senti zake, shusha mi na ta kwa viwango hivyo. Ikiwa haina, weka nota zote za ta kwenye traki ya peke yake yenye ala ileile, na nota za mi kwenye nyingine, kwa sababu gurudumu la kupinda sauti huathiri nota zote za traki kwa pamoja. Gurudumu hilo, likiwa limepangwa kwa nusu-toni mbili kila upande, lina hatua 8,192 za kushuka. Kwa ta andika -1270 mwanzoni mwa traki, kwa mi andika -573, kisha cheza pamoja na marimba na usikilize nota ya ta ikishikiliwa: mawimbi yale ya kupanda na kushuka yaliyokuwa yakitetemeka kati ya vyombo viwili yatapungua kasi, na ukisogeza hatua chache juu au chini kufuata marimba ya mzee huyo hasa, yatatulia.